Foleni ya Darasa la Nne

Kila Jumanne, saa nne na dakika ishirini, mwalimu wa kompyuta aliondoa kitambaa kilichofunika kompyuta ya shule, akakikunja mara nne, akafungua daftari la mahudhurio na kuita jina la kwanza. Wanafunzi wa darasa la nne walikuwa sabini na mmoja. Kompyuta ilikuwa moja. Zilipoletwa zilikuwa ishirini, na mwalimu mkuu alisaini ishirini, lakini kumi na tisa zilipelekwa ofisi ya elimu kuhifadhiwa kwa muda.

Kila mtoto aliandika sentensi moja, akampisha mwenzake. Wakifika thelathini, kengele inalia. Jumanne inayofuata daftari linafunguliwa upya, na jina la kwanza ni lile lile.

Muhula wa pili, waliosimama nyuma walianza kukua. Wa hamsini aliota ndevu. Wa sitini akanunuliwa miwani ya kusomea. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba sare inambana mwanawe kila mwezi, mwalimu mkuu akamjibu kwamba sare ni jukumu la mzazi. Watoto wa mbele walibaki vile vile, wakiendelea kung'oka meno.

Wa mwisho kabisa alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Kengele, kwa sababu katika somo la kompyuta hakuwahi kupata kitu kingine. Alikuwa ameichora kibodi yote nyuma ya daftari lake la hisabati, akavizoeza vidole juu yake mpaka karatasi ikatoboka. Kufikia muhula wa tatu nywele zake zilikuwa nyeupe na magoti yalimuuma kila asubuhi. Nyumbani, bibi yake alianza kumwamkia, maana sasa bibi ndiye aliyekuwa mdogo. Kengele aliitikia marahaba, kisha akatumwa kuosha vyombo kama kawaida.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa mtu wa haya. Kwenye vikao alikaa karibu na mlango, na chai yake aliinywa bila sukari kwa kuwa bakuli la sukari lilikuwa upande wa pili wa meza. Hata hivyo alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba aanze kuita majina kutoka chini. Mwalimu mkuu alimweleza kwa upole kwamba daftari ni hati ya serikali, na hati ya serikali haisomwi kinyumenyume. Mwalimu akamshukuru.

Jumanne iliyofuata alifika shuleni kabla ya wenzake. Aliufungua ulimi wa kengele, akauviringisha kwenye leso na kuutia mkobani, kando ya kitana.

Siku hiyo kipindi hakikuisha. Chumba cha pili, darasa la sita waliendelea na hesabu za sehemu mpaka wote wakazielewa. Saa kumi jioni, mwalimu aliita jina la sabini na moja. Kengele alikuja akijishika ukutani.

"Shikamoo," mwalimu alimwambia, akimvutia kiti.

"Marahaba, mwalimu. Nianze?"

"Anza, mwanangu."

Hakuitazama kibodi hata mara moja. Aliandika: *nina miaka tisa.* Nukta aliibonyeza kwa nguvu kuliko herufi zote.

Afisa elimu, aliyekuja kukagua na kushinda akingoja kengele ya chai, aliinama kusoma. Alisema sentensi ni nzuri, na kwamba watoto wengi husahau nukta.

Mwalimu alifunga daftari. Alisimama.

"Naomba zile kumi na tisa," alisema.

"Za nini tena, mwalimu? Si wote wamefika?"

Mwalimu akarudia ombi lake, kwa sauti ile ile. Afisa alitoa fomu, akaandika kwamba kompyuta moja inatosha, akagonga muhuri na kuondoka.

Mwalimu alikunjua kitambaa, akaifunika kompyuta. Ulimi wa kengele aliuacha mkobani. Aliwatangazia wanafunzi kwamba Jumanne ijayo watajifunza herufi kubwa, na kwamba daftari litaanza juu kama kawaida.

Kengele alimshukuru. Alikibeba kile kiti alichokalia, akapita nacho polepole kando ya wenzake sabini, akakiweka mwisho wa foleni na kukaa.