Makumbusho ya Kushika, Mikono Iachwe Mlangoni

Niliota usiku wa jana kwamba mji wetu wa Mabatini umepata makumbusho ya watoto. Si makumbusho yale ya kuzunguka mikono mgongoni ukitazama mkuki wa babu wa mtu. Haya yalikuwa ya kushika. Mtoto aingie, avute, azungushe, amwage, afungue aone ndani kuna nini. Kamati ilikubaliana hivyo, na mimi ni mwanakamati, kwa hiyo nilikubali pia.

Kikao kinafanyika sebuleni kwangu. Mji unakua huku tunaongea. Nasikia mtaa wa nyuma ukipasuka mshono, na mwenyekiti wetu, Mzee Mwalwisi, anamwambia fundi cherehani aende akaushone kabla watu wa stendi hawajaona. Fundi anachukua uzi anaenda. Hakuna anayeshangaa.

"Tuanze na jiwe la msingi," anasema Mzee Mwalwisi. "Jengo litafuata."

Jiwe likaingia lenyewe, limepanda toroli, limevaa pazia la bluu. Lilionekana limenizidi umri, nikaliamkia.

"Shikamoo, jiwe."

"Marahaba, Mama Sekela. Nikae wapi?"

"Kazi hii umewahi kuifanya?"

"Mimi ni mzoefu. Nimewekwa kwenye zahanati, nimewekwa kwenye soko jipya, stendi niliwekwa mvua ikinyesha. Wakubwa wa kila aina wamenifunua pazia."

"Na ukuta umewahi kubeba?"

Jiwe likavuta pazia lake, likajifunika. "Mama, mbona unaniuliza mambo yangu ya ndani mbele za watu?"

Mzee Mwalwisi akanikanyaga mguu. Nikaomba radhi. Nilipoinua kichwa, sebule haikuwepo tena. Tulikuwa ndani ya makumbusho yenyewe, yamekamilika, rangi bado inanuka.

Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Kulikuwa na bomba la maji la kupampu kwa mkono, mashine ya kusaga ya kimo cha mtoto, ngoma, na injini ya bajaji iliyowekwa wazi ili mtu aone inavyofanya kazi. Nikamwaza binti yangu Sekela, yuko darasa la pili, anauliza kila siku ndani ya redio kuna nani. Nilitaka kumwona akishika ile injini. Nilitaka hilo kuliko kitu kingine chochote.

Wanakamati wenzangu wakaja na vitambaa vya kufuma. Wakafunika bomba, wakafunika ngoma, injini wakaivalisha nailoni ya makochi.

"Sipumui," ilisema injini.

"Vumilia," nikaiambia. "Mgeni rasmi yuko njiani."

Mlangoni wamebandika kibao: MAKUMBUSHO YA KUSHIKA. MIKONO IACHWE MLANGONI. Nikamwendea mwenyekiti.

"Mzee, sasa watashika na nini?"

"Watashika baada ya uzinduzi. Kitu hakijazinduliwa, unakishikaje? Tusipokuwa makini watoto watakizoea kabla hakijafunguliwa."

Nilijaribu kutafuta kosa katika maneno hayo. Ndotoni hayakuwa na kosa.

Watoto wakapanga foleni. Mikono inachomoka kwenye kifundo kama glovu, haiumi, haitoi damu, na mama mmoja wa kamati anaipokea na kuiweka kwenye beseni lenye kitambaa cheupe. Ya Sekela ilipofika kwenye beseni ilijikunja yenyewe, mmoja juu ya mwenzake, kama ilivyofundishwa.

"Mama, nitarudishiwa?"

"Utarudishiwa."

"Lini?"

"Baada ya hotuba."

Watoto wakakaa juani wakaanza wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi. Makofi hawakuweza kupiga, basi walitikisa vichwa. Mgeni rasmi anachelewa. Wanaimba. Anachelewa tena. Sare zinaanza kuwabana, viatu vinatoboka kwenye kidole gumba, nao bado wanaimba. Nikachungulia kwenye beseni. Watoto walikuwa wanakua, mikono haikui. Nikaingiwa na hofu.

Gari likafika. Mlango ukafunguka, ikashuka suti. Hapakuwa na mtu ndani yake.

"Mgeni rasmi amepata dharura," alitangaza Mzee Mwalwisi. "Amewakilishwa na suti yake."

Tukasimama. Suti ikaketi kwenye kochi la mbele, ikapewa maji ya chupa, ikayatazama.

"Watoto ni taifa la kesho," ilisema suti. "Kwa hiyo leo watupishe."

Tulipiga makofi sana. Hotuba iliendelea hadi jiwe la msingi likakoroma. Kisha ukafika wakati wa kukata utepe na kushika kitu cha kwanza, na hapo ndipo tulipogundua kwamba suti ina mikono ya koti tu. Vidole haina.

Kamati ikakutana palepale, imesimama. Mzee Mwalwisi akafunua beseni.

"Tumwazime mheshimiwa. Itafutwe iliyo safi."

"Ya mtoto wa Mama Sekela," akasema yule mama wa mlangoni. "Yule mtoto hajawahi kushika kitu. Amelelewa!"

Wenzangu wakanitazama kwa sifa. Nami nikaona fahari, tena fahari kubwa, nikainamisha kichwa kama mtu anayepewa cheti.

Suti ikavaa mikono ya mwanangu. Ikakata utepe. Ikagusa injini juu ya nailoni, kwa ncha ya kidole, wapiga picha wakapiga. Halafu ikaigeuza mikono ile huku na huku.

"Mizuri hii. Naondoka nayo, nina uzinduzi mwingine."

"Samahani, mheshimiwa," nikasema. "Hiyo ni ya mwanangu."

"Itarudishwa taratibu zikikamilika."

Sekela alikuwa amesimama kando ya gari. Alitazama mikono yake ikitokeza kwenye koti la mtu ambaye hakuwepo.

"Mama," akauliza, "hii ndiyo baada ya hotuba?"

Hasira ikanipanda mpaka nikasahau kamati. Nikaikamata suti mikono ya koti, nikavuta. Suti nayo inavuta. Jiwe la msingi linaamka na kupiga kelele, "Itifaki! Itifaki izingatiwe!" Mzee Mwalwisi ananishika kiuno. Mshono unaachia, mikono ya Sekela inaruka, inaangukia beseni, beseni linapinduka.

Mikono yote ikamwagika sakafuni. Kisha mmoja ukanyanyuka kwa vidole, ukatembea hadi kwenye bomba, ukavua kitambaa.

Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Mikono ilipampu maji, ikapiga ngoma, ikachana nailoni, ikaingia ndani ya injini mpaka injini ikacheka. Kwa mara ya kwanza makumbusho yalikuwa yanafanya kazi, na watoto bado wako nje wanaimba.

"Hayajazinduliwa vizuri!" alilia Mzee Mwalwisi. "Rudini kwenye beseni!"

Suti ilikuwa inakuja nyuma yangu. Nikaparamia injini, nikanyakua mikono miwili iliyokuwa inafungua nati, nikakimbia nayo hadi kwa Sekela, nikamvalisha. Iliingia vizuri. Kwenye ukucha wa kidole cha mwisho kulikuwa na hina.

"Mama, hii si—"

"Vaa! Tutaongea nyumbani."

Nikaamka. Jua limeshapanda. Nilikwenda mezani moja kwa moja, nikamkuta Sekela ameketi, mikono yake iko mahali pake, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa ameifungua chupa yangu ya chai mpaka kitako, vipande vimetapakaa mezani, anachungulia ndani ya kioo. Hakuomba ruhusa, na hakushtuka aliponiona.

Ukucha wake wa kidole cha mwisho ulikuwa mwekundu wa hina. Nyumba hii hina haijawahi kuingia.

Sikumgombeza. Nilikaa nikamwaza mama mwingine, sijui yuko mtaa gani hapa Mabatini, anayemtazama mwanaye asubuhi hii bila kuelewa: mtoto ameketi mbele ya bakuli, kijiko kipo, njaa ipo, mikono imekunjwa mmoja juu ya mwenzake, anasubiri uji uzinduliwe.