Ufunguo wa Lango la Kanisani

Katika uhai wangu Jumba la Thornscombe limepata wenyewe wanne, na kila mmoja alidhani kwamba yeye ndiye wa mwisho. Akina Lascombe walilimiliki miaka mia mbili na hamsini, hadi kodi ya urithi ilipowang'oa mwaka 1961. Ikaja shule ya wavulana, kisha nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 1988 alilinunua Bwana Kemble, mjenzi wa maduka, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kugongomelea ubao langoni: HAKUNA NJIA.

Njia hiyo hukatiza bustani ya jumba hadi kanisani, mwendo wa dakika kumi. Kwa barabara kuu ni maili tatu, na magoti yangu yana umri wa miaka sabini na minne. Mume wangu amezikwa kule, nami humpelekea maua kila Jumapili. Sikukusudia kuacha.

Halmashauri ilimtuma afisa wake, Bi. Tordoff, atusikilize katika ukumbi wa kijiji. Sheria yetu ni nyepesi: watu wakipita mahali miaka ishirini mfululizo, bila kuzuiwa wala kuomba ruhusa, njia huwa yao.

Bwana Kemble aliingia na daftari kuukuu la ngozi, akitabasamu.

"Shajara ya Lascombe wa mwisho," alisema. "Sikilizeni: 'Siku ya pili ya Krismasi. Lango la kanisani limefungwa kutwa, kama ilivyo ada.' Kila mwaka! Walifunga siku moja tu, makusudi, njia isije ikawa ya watu. Yamekwisha hayo, bibi yangu."

"Mimi si bibi yako. Wajukuu wangu wana adabu."

Nyuma yangu jirani yangu, Olive Pegg, alicheka mpaka akakohoa. "Umeyataka mwenyewe, kaka!"

"Ulichokisoma ni kweli," niliendelea. "Aliyefunga ni mimi, nilipokuwa msimamizi wa watumishi. Hata mama yangu mzazi nilimrudisha pale langoni, akaninunia hadi Mwaka Mpya. Haya, tusomee mwaka 1962."

Alifunua kurasa. "Inaishia sitini na moja. Lakini waliofuata nao walifunga, bila shaka."

"Kwa ufunguo upi?"

Nilifungua mkoba, nikauweka mezani: mweusi, mrefu kama kiganja changu.

"Akina Lascombe walipohama nilisahau kuurudisha. Miaka ishirini na saba umetundikwa jikoni kwangu, juu ya birika. Hakuna mwenye jumba hata mmoja aliyeuulizia."

"Kumbe umeuiba!"

"Uchukue, basi. Kitasa chenyewe kimeoza kwa kutu."

Bi. Tordoff aliinua kalamu. "Je, yupo aliyewahi kukuta mnyororo pale, au ubao, kabla ya mwaka huu?"

"Mimi hupita kila siku ya pili ya Krismasi, nikimpelekea dada yangu nyama baridi," alisema Olive. "Sijakuta kizuizi, ila kondoo mmoja jeuri."

Ukumbi mzima ulimuunga mkono.

Hukumu ilitoka majira ya kuchipua. Jumapili iliyofuata nilimkuta Bwana Kemble langoni, amevua koti, anahangaika kuung'oa ubao wake.

"Habari za asubuhi, Bi. Garside," alisema bila kuniangalia.

"Njema. Shika nyundo mwishoni mwa mpini, Bwana Kemble. Ukiendelea hivyo utashinda hapo kutwa."

Alisogea kando. Nikapita na maua yangu.