Faili Jeupe la Bibi Masjala

Bibi Masjala, kama ofisi nzima ilivyomwita kwa kutunza mafaili miaka ishirini, alikuwa ametoa ushahidi. Mkurugenzi wake, mteule wa Waziri, alimjengea shemeji yake nyumba kwa saruji ya shule. Magazeti yakapiga kelele wiki mbili, kamati ikaundwa, na Bibi ndiye aliyeipelekea hati. Basi akakaa kusubiri Mkurugenzi afungashe virago.

Weee! Virago alifungashiwa yeye. Jumatatu asubuhi alikuta mezani barua ya uhamisho yenye sahihi ya Waziri: kituo cha mpakani, safari ya siku mbili. Mkurugenzi akapita na kikombe chake cha chai, akamwambia kwa upole, "Safari njema, mama."

Bibi alimfikiria mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja, ambaye kila mchana Bibi alikimbia nyumbani kwenda kumlisha. Nani atamlisha? Machozi yakamlengalenga, kisha hasira ikayakausha. Akapanda ngazi hadi kwa Waziri bila miadi.

"Mheshimiwa, mwizi anabaki, mimi naondoka? Kosa langu nini?"

Waziri hakukasirika hata kidogo. Alivuta droo ya chini, na humo, loo, kila mkuu wa idara alikuwa na faili lake. La Mkurugenzi lilikuwa limenenepa hadi kufungwa kamba.

"Huyu nikimpigia simu anapokea amesimama," alisema. "Hawezi kunigeuka, yake yote ninayo hapa. Wewe je?" Akatoa faili jipya lenye jina la Bibi, akalifungua. Jeupe. Hata kuchelewa kazini hakumo. "Mtu wa hivi nitamshika wapi, mama? Leo umesema ya Mkurugenzi, kesho utasema yangu."

Jamani, ofisi hii! Bibi alitamani kumpa vidonge vyake. Lakini alimwona mama yake kitandani, sahani iko mbele na mkono hauinuki.

"Mheshimiwa," akasema akiinamisha kichwa, "ile feni ya masjala iliyopotea mwaka jana... iko kwangu."

Uso wa Waziri ukachangamka. Akaandika, akamsainisha, akalitia faili kwenye droo, akaichana barua ya uhamisho. "Sasa tunaelewana. Rudi kazini."

Jioni ile Bibi Masjala, ambaye hajawahi kuchukua hata kalamu ya ofisi, alizunguka maduka matatu akitafuta feni ya rangi ile ile, asije akatumwa mtu kukagua.