Nyumba ya Nakhungu Yasogea Kulia

Asubuhi ya Jumanne, mwaka 2004, Khairunisa alifungua duka lake la kutaipu nyuma ya msikiti, Bungoma mjini. Alikuwa akipangusa vumbi kwenye kompyuta Levi alipoingia. Levi alikuwa mwalimu huko Kitale, kifungua mimba wa marehemu Wabwile wa Mabanga. Alitaka makubaliano ya familia yataipiwe: shamba la baba limegawanywa, na kila ndugu awe na aya yake yenye namba.

"Mimi ni moja," alisema. "Mukhisa mbili, Sifuna tatu. Nakhungu muweke chini yangu, herufi a. Mwingize ndani kidogo."

"Nakhungu ni nani?"

"Dada yetu. Alirudi nyumbani bwana yake alipokufa. Hatujamfukuza."

Khairunisa akataipu. Kompyuta ikaweka namba yenyewe na kuzipanga vibaya, kama kawaida yake: mstari wa pili wa kila aya ulirudi mpaka chini ya namba. Akashika kile kipembetatu kidogo kwenye rula, akakivuta mpaka mistari ikalingana. Kisha akaenda kwenye aya ya Nakhungu, akabonyeza Tab. Aya ikaingia ndani.

Kule Mabanga, nyumba ya Nakhungu ikainuka kidogo kutoka kwenye msingi wake, ikaondoka kando ya barabara, ikapita migomba na choo, ikatua nyuma ya nyumba ya Levi. Nakhungu alikuwa anapika chai. Alishikilia sufuria mpaka safari ikaisha, akaongeza sukari, akanywa, kisha akatoka kuangalia alikofika. Mbele yake palikuwa na ukuta wa Levi. Barabara, mahali alipouzia maziwa kila asubuhi, ilikuwa upande wa pili. Kuku wake walikuwa wamesimama kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo akajua hiyo ni kazi ya kompyuta. Akapanda bodaboda kwenda mjini, kwenye duka ambako Levi alisema angepeleka karatasi za shamba.

"Mulembe," alisalimu mlangoni. "Ni wewe unasukuma nyumba yangu?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Si ungengoja kwanza nimalize chai, bana."

Wote watatu wakacheka, na Khairunisa akamwekea kiti. Nakhungu akajitazama kwenye kioo cha kompyuta.

"Ati huyu ndiye mimi? Nimejificha nyuma ya Levi kama mtoto ameona wageni. Nirudishe huku kushoto, nilingane na wengine."

Khairunisa akabonyeza Shift pamoja na Tab. Aya ikatoka nje, herufi a ikageuka kuwa mbili, Mukhisa akawa tatu na Sifuna nne. Simu ya Levi ikalia. Alikuwa Mukhisa. Alieleza kwamba nyumba ya dada imerudi barabarani, yake imeteremka kuelekea mtoni, na ng'ombe wa Sifuna wamesimama majini wakinywa.

"Nyumba kusogea si neno," Mukhisa alisema, kwa sauti iliyosikika duka zima. "Lakini nani amepatia msichana namba?"

Levi akaweka simu mfukoni. "Umesikia mwenyewe. Namba ni ya vijana wa kiume."

"Kwani mimi baba alinizaa bila namba?"

"Alikuzaa vizuri. Na mimi si mtu mbaya. Hiyo nyumba, nani alikujengea?"

"Ni wewe."

"Na mabati?"

"Ni wewe, Levi."

Ilikuwa kweli. Nakhungu alimpenda kaka yake, na ndiyo maana kugombana naye kulikuwa kazi ngumu. Khairunisa alingoja, mkono juu ya mausi. Kazi ilikuwa ya Levi. Levi alipomwashiria kwa kichwa airudishe, akabonyeza Tab, na nyumba ikarudi nyuma ya ukuta. Nakhungu akasogeza kiti karibu na kioo. Kisha akanyoosha kidole.

"Na hapa katikati ya maneno, hapa peupe? Napo pana namba?"

"Hiyo ni nafasi tu," alisema Levi. "Ni hewa."

"Basi nipewe hewa."

Levi hakuona ubaya wowote. Khairunisa akaongeza nafasi juu ya aya ya Nakhungu, na nyingine chini yake, akaendelea kuongeza mpaka Nakhungu aliposema imetosha. Kule Mabanga, ardhi ikafunguka taratibu kuizunguka nyumba yake, bila kupasuka, nyeusi, isiyo na jiwe hata moja. Karatasi ikatoka kwenye printa, ndugu wakatia sahihi, nyumba zikatulia.

Nakhungu alipanda maharagwe. Yalizaa mpaka mke wa Levi, Phelista, akaja kusaidia kuvuna, na wanawake wa jirani wakaja na nyimbo zao. Maziwa aliyapitisha kwa lango la Levi. Siku ambazo Phelista alichelewa kuamka kulifungua, watu wa bodaboda waliondoka bila kununua.

Krismasi, Levi alileta mwalimu mwenzake kutoka Kitale, bwana Hiram. Hiram alisimama akatazama lile shamba kwa muda mrefu.

"Hili zuri hivi ni la nani?"

"Ni langu," alisema Levi, akamshika Nakhungu bega kwa upendo wa kweli. "Dada yangu hapa ndiye hulilima."

Nakhungu akampakulia mgeni maharagwe, akamwambia ale ashibe, yako mengi.