Neno Lililombakia Chiriku

Pasi ilikuwa katikati ya mgongo wa shati pale meneja wa ukumbi alipochungulia dirishani na kusema, "Mama Jiwe, usiache kazi yako. Nina maneno mawili tu."

Jiwe hakuiacha. Aliisogeza pasi mpaka kwenye mshono wa bega, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole, akaugeuza ukosi. Mvuke ukapanda ukamfunika uso. Alikuwa dobi wa mtaa ule tangu ujana wake, na wapo wateja waliomletea nguo ambazo hata hazijachafuka, mradi wamwone kwa karibu yule mwanamke asiyecheka.

"Tunataka kumfanyia Chiriku alasiri ya heshima, Jumamosi hii," alisema meneja. "Tumepata msichana anayeiga sauti yake. Ukifumba macho utaapa ni mwenyewe! Anatembea kama yeye, anabinua mdomo kama yeye. Tuliyembakiza ni wewe. Ukae kwenye kiti chako kama siku zote, useme 'enhe' yako, basi."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe tutamweka mstari wa mbele, na maua yake. Wewe usicheke tu, mama. Kazi yako si ndiyo hiyo?"

"Nitamwuliza."

Meneja alikohoa kidogo, akaangalia chini. "Utamwulizaje mtu ambaye kiharusi kimemnyang'anya kauli?"

"Atanijibu," alisema Jiwe, akalitundika shati.

Hakukuwa na mtu mjini pale aliyewahi kuingia ukumbini asiwajue wawili hawa. Chiriku alikuwa mfupi, mnene, mwepesi kama mpira. Alicheza jirani aliyekuja kuazima kiberiti. "Mwenzangu, nimekuja mara moja tu, sikai," alisema, na huku ameshakaa. "Sikai," na viatu vimeshavuliwa. "Nimeacha chungu jikoni, sikai," na mto wa Jiwe umeshawekwa nyuma ya mgongo wake. Hapo ndipo domo lilipofunguka. Mume wake anatafuta kazi huku akimwomba Mungu asiione. Mkwewe amekuja kwa siku tatu, sasa mtoto aliyezaliwa siku ile anaota meno. Na Jiwe, mrefu, mkavu, mikono mapajani, alimtazama bila kupepesa na kusema neno lake moja tu: "Enhe."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Watu walifuta machozi kwa mikono ya mashati. Kisha, wakirudi nyumbani, walibishana kilichowachekesha ni nini hasa. Huyu alisema ni ule mdomo. Yule alisema ni miguu, jinsi inavyoning'inia kitini bila kufika chini. Wengine walisema ni kutia chumvi kwake. Jiwe aliyajua mabishano hayo, na kila alipoulizwa yeye, alijibu kwamba hajui, yeye ni dobi.

Alijua. Ila kulieleza jambo hilo kulihitaji aanzie mbali.

Mwaka aliomzika binti yake wa pekee, Jiwe alikuwa hali wala hasemi. Chiriku alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mchekeshaji mchanga anayeitwa kujaza nafasi kabla waimbaji hawajapanda. Siku moja aliingia chumbani, akamkuta Jiwe amekaa vilevile alivyomwacha asubuhi, akaogopa. Alikuwa na onyesho na hakuwa na mtu wa kumwachia. "Twende wote," alimwambia. "Ukae tu. Usiseme kitu, nitasema mimi." Hakumwacha hata nyuma ya pazia, kwa kuhofia asije akatoka akaenda zake. Alimketisha palepale jukwaani, akasimama mbele yake, akaanza kumwambia upuuzi wote uliomjia kichwani. Hakuwa anawachekesha watu. Alikuwa anamhangaikia mtu mmoja, anajaribu kila mlango, na kila mlango umefungwa. Watu walimwona mwanamke mdogo akitokwa na jasho mbele ya uso wa jiwe, wakacheka mpaka wakagonga viti. Walidhani ni usanii.

Siku zikapita, huzuni ikashuka ikatulia mahali pake, na Jiwe akaweza tena kula na kulala. Lakini kiti kilikuwa kimeshakuwa chake, na jina limeshamganda. Chiriku naye hakuacha. Kila onyesho alitafuta kitu kipya cha kumvunja, na kila mara alishuka jukwaani akinung'unika, "Wewe mwanamke, una roho ya chuma."

Sasa Chiriku alikaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha la chumba cha bintiye, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Mtu aliyekuwa na maneno ya kumtosha kila mtu alibakiwa na neno moja. Kwa nini hilo na si jingine, hakuna aliyejua. Ukimpa maji alisema, "Kumbe." Ukimuumiza wakati wa kumgeuza alisema, "Kumbe!" Usiku, bintiye alimsikia akilirudia gizani kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Jioni ile Jiwe alimkuta binti wa Chiriku akikunja shuka zilizoanikwa. Alizichukua zote, kwa sababu mikono yake haikuvumilia kuona shuka ikikunjwa vibaya, akavuta kigoda mbele ya kiti cha magurudumu.

"Mwenzangu, wanataka kukufanyia sherehe," alianza. "Kuna msichana atavaa gauni kama lako."

"Kumbe," alisema Chiriku. Jicho la kushoto likapanda.

"Wanasema ukifumba macho utadhani ni wewe."

"Kumbe?"

Jiwe alizoea kusikiliza, si kusema, na maneno yalimtoka moja moja. Hata hivyo aliendelea, kwani chumba kilikuwa kimya na yeye hakuwa na pa kukimbilia. Alimsimulia wateja wa siku ile, shati lililopotea kifungo, mwalimu aliyedai suruali yake imerudi fupi kumbe amenenepa yeye. Ndipo, bila kukusudia, akasema:

"Na kuna jambo sijakwambia. Nilikuwa nacheka."

Chiriku alimkazia macho.

"Si pale. Nikifika nyumbani. Nanyunyiza maji kwenye shati, nakumbuka lile la mkwe wako, nacheka peke yangu mpaka naiweka pasi chini nisiunguze nguo za watu. Miaka yote hiyo."

Chiriku alivuta pumzi taratibu, akaiacha ikae, akaitazama dari, akamtazama bintiye, akarudi kwa Jiwe. Hakuharakisha hata kidogo. Kisha akalitoa neno lake, refu, limejaa lawama na uchungu wa mtu aliyeibiwa mchana kweupe:

"Kuuumbe!"

Kicheko kilimtoka Jiwe kabla hajakizuia. Kilikuwa kibaya, cha kukwaruza, kicheko cha mtu asiyekizoea. Chiriku alipiga goti lake kwa mkono mzima, machozi ya furaha yakamshuka upande mmoja wa uso. Bintiye aliziba mdomo kwa shuka.

"Mpeleke, basi," alisema Jiwe baadaye, mlangoni.

"Mama mdogo, sitaki mama akaonyeshwe watu kama kioja."

"Atakuwa mtazamaji tu. Atakaa mbele, atapewa maua, tutarudi. Hakuna atakayemgusa."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Binti alikubali shingo upande.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Jiwe alilipiga pasi mwenyewe gauni la Chiriku, akamvalisha, akamfunga kitambaa kichwani. Maua yaliwekwa mapajani mwake. Watu walipita wakimpa mkono, na yeye akasema neno lake, na wao wakasema, "Amekuwa mzima kabisa!" kisha wakaenda kwenye viti vyao haraka.

Msichana alikuwa hodari, ukweli lazima usemwe. Sauti ilikuwa yenyewe. Miguu ilining'inia. "Mwenzangu, nimekuja mara moja tu, sikai," na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Jiwe alikaa kitini pake, mikono mapajani. "Enhe," alisema. Lakini kadiri mchezo ulivyosonga, vicheko vilipungua uzito, vikawa vya adabu. Msichana hakumtazama Jiwe hata mara moja. Kila neno alilipeleka kwa watu, akasubiri malipo yake huko, akarudi na jingine. Hakuwa na anayemtafuta.

Jiwe alitupa jicho mstari wa mbele. Midomo ya Chiriku ilikuwa ikienda. Alikuwa akilifuata kila neno, akilitangulia, mkono wa kushoto ukipiga pigo lake kwenye maua mpaka petali zikaanguka.

Hapo Jiwe alifanya jambo ambalo hakulipanga. Aliinuka. Msichana alinyamaza katikati ya sentensi. Jiwe alikichukua kiti chake, akashuka nacho ngazi za jukwaa, akakiweka chini mbele ya kiti cha magurudumu, akakaa.

"Mwenzangu," alisema kwa sauti yake mwenyewe, kavu, "nimekuja mara moja tu, sikai."

Walioketi nyuma waliinuka waone.

"Kumbe," alisema Chiriku.

Kicheko kilichopanda hapo hakikuwa cha adabu. Kilitoka tumboni mwa ukumbi mzima. Uso wa Chiriku uliwaka upande mmoja kama taa. Jiwe akavua viatu: "Sikai." "Kumbe." Akajivutia ua mapajani mwa mwenzake: "Nimeacha chungu jikoni." "Kumbe?" Watu walishikana mabega. Pembeni, binti wa Chiriku alikuwa amesimama, ameweka mikono kifuani, na hata yeye alikuwa akitabasamu.

"Mume wangu anatafuta kazi," alisema Jiwe.

Hapo alikosea. Hilo lilikuwa la Chiriku tangu mwanzo, alilipenda kuliko yote, na sehemu ya pili yake hakuwahi kumwachia mtu. Chiriku aliinua kidevu. Alifungua mdomo kulimalizia.

"Kumbe," alisema.

Watu wakacheka. Chiriku akatikisa kichwa: siyo hilo. Akajaribu tena. "Kumbe." Wakacheka zaidi. Akaukaza mdomo, mishipa ikamsimama shingoni, akalitafuta neno ambalo alilisema maisha yake yote, akalisikia hapo karibu kabisa, akalifungulia njia. "Kumbe. Kumbe! Kumbe!" Akapiga mkono wa kiti. Maua yakamwagika sakafuni. Machozi yakaanza, na hayakuwa yale ya jioni ya dirishani.

Ukumbi ulikuwa hoi. Mwanamume mmoja nyuma alipiga kelele, "Atatuua huyu mama!" Hapakuwa na ubaya ndani ya kicheko kile. Jiwe alikijua. Ndicho kilichompokea yeye jukwaani mwaka ule, akiwa amekaa na kaburi kifuani.

Kama angenyamaza, wangeelewa walichokuwa wakikicheka, na Chiriku angewaona wakielewa. Kama angeendelea, angeendelea kumtesa. Jiwe alisimama, akaupa ukumbi mgongo, akamfunika mwenzake kwa urefu wake wote. Alishika uso wake kwa mikono miwili, mikono migumu ya pasi, akamfuta machozi kwa vidole gumba.

"Nimeshakaa sana," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka madirishani. "Na nilisema sikai. Twende, mwenzangu, chungu kinaungua."

Alikizungusha kiti cha magurudumu, akakisukuma kuelekea mlango wa pembeni, miguu mitupu. Watu wote walisimama. Makofi yaliwafuata mpaka nje, na hayakukoma hata mlango ulipofungwa.

Meneja aliwafikia kwenye ujia, anahema. "Mama Jiwe! Hiyo ndiyo kitu! Jumamosi ijayo tena, eh?"

Jiwe alipita kama hakuna mtu.

Msichana alimletea viatu vyake. Alikuwa amevua kilemba cha kuigizia na uso wake ulikuwa wa kitoto. "Mama, nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Ulitaka tu wacheke." Jiwe aliinama kuvaa kiatu, akakaa hivyo kidogo. "Yeye alitaka nicheke mimi."

Binti wa Chiriku alikuwa amekwisha kuwatangulia barabarani. Alitembea haraka, hakugeuka. Jiwe alisukuma kiti nyuma yake kwenye jua la alasiri, akipita maduka na mafundi, na waliowatambua waliwapungia mikono kwa furaha. Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa. Hakusema kitu, hata lile moja.

Kwenye njia panda, lori la mchanga lilikuwa limekwama na kuziba barabara. Umati ulisimama ukingoja. Vijana walikuwa wanatupa mawe chini ya matairi. Binti alilazimika kusimama. Walipomfikia, alisema bila kuwatazama:

"Waliona?"

"Hawakuona."

"Wewe uliona."

"Niliona. Nilikuahidi, nikavunja."

Lori lilinguruma, likarudi nyuma, likatulia. Baada ya muda alinyoosha mkono akaipangusa petali moja iliyonasa kwenye gauni la mama yake, akauacha mkono huo begani kwake.

Kichwa cha Chiriku kilikuwa kimelemea upande, kikalala juu ya mkono wa Jiwe ulioshika kiti. Pumzi yake ilimfika kwenye ngozi, ya joto, ya mtu aliyechoka. Mkono ulianza kufa ganzi tangu kwenye kiwiko. Matairi yakashika mawe, lori likapanda, likaondoka na vumbi lake. Njia ikafunguka. Baiskeli zikapita, wachuuzi wakapita, umati wote ukavuka na kutawanyika, na watatu wale wakabaki palepale ukingoni, Jiwe akiwa hajausogeza mkono.