Bwana Ndiyo na Mkaidi

Programu zilizobaki zilikuwa mbili, na hakuna aliyeziita kwa majina yake. Ya kwanza iliitwa Bwana Ndiyo, kwa kuwa haikuwahi kukataa kitu. Ya pili iliitwa Mkaidi, kwa kuwa ilikataa karibu kila kitu mara ya kwanza. Aliyezibatiza ni mfamasia wa hospitali, mtu wa maneno mengi, aliyepita chumba cha kompyuta kila mchana kwa kisingizio cha kuuliza maendeleo na kwa nia ya kunywa chai.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mhandisi wa mifumo, mwanamke mkavu wa maneno aliyependa kipimo kuliko maoni. Hospitali ilikuwa na mfumo wa mapokezi, wa maabara, wa famasi na wa wodi. Kila mmoja ulinunuliwa na mkuu wake kwa wakati wake, na hakuna uliojua lugha ya mwenzake. Ilihitajika programu ya kukaa katikati: ipokee ujumbe huku, iutafsiri, iufikishe kule. Mafundi huiita basi la huduma. Mhasibu aliposikia jina hilo mkutanoni aliuliza dereva ni nani. Watu walicheka, lakini mhandisi alilichukua swali hilo, kwa sababu lilikuwa la maana kuliko mwenyewe alivyodhani.

Alianza na programu huria sita, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Moja ilikuwa nzuri, ila watunzaji wake walikuwa wamenyamaza. Maswali ya watu yalirundikana bila jibu kama barua kwenye nyumba iliyohamwa. Nyingine ilikuwa huria mlangoni tu. Ukiingia ndani, kila chumba cha maana kilidai leseni. Mbili zilikuwa kubwa mno, tembo wa kubebea kikapu. Zikabaki hizo mbili.

"Mimi ningekuwa wewe ningeshamaliza," mkuu wa kitengo chake alisema, akiwa amesimama mlangoni. "Bwana Ndiyo amepitisha ujumbe wote wa majaribio bila kosa. Mkaidi amekwama mara ngapi?"

"Nyingi."

"Sasa unangoja nini?"

"Sijajua kwa nini huyu mwingine hakwami, mkuu."

Mfamasia alicheka ndani ya kikombe. "Jamani! Ikilalamika kosa, ikinyamaza kosa. Ndiyo maana hata kompyuta zinakuogopa."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mhandisi alijibu, bila kucheka.

"Nataka pendekezo lako kabla hujaenda nyumbani," mkuu alisema, akaondoka, na mfamasia akamfuata.

Simu ikalia. Alikuwa kaka yake, fundi wa majokofu, na alizungumza kwa haraka kama mtu anayelipia kila neno.

"Tiketi imetoka. Naondoka Jumapili. Ni mkataba wa miaka miwili, mdogo wangu."

"Mzee umemwambia?"

"Utamwambia wewe. Na mwambie hivi hivi ninavyosema: sikanyagi pale mpaka akapime macho. Asipopima, naondoka bila kumuaga."

"Nitamwambia."

Mhandisi alikuwa akiahidi hivyo tangu siku ya lango. Baba yao, dereva wa malori aliyestaafu, aligonga nguzo ya lango lake mwenyewe mchana kweupe. Kaka alichomoa funguo za gari mbele ya wageni, akazitia mfukoni, akaenda zake. Tangu hapo, kwa miezi kadhaa, baba na mwana hawakusemezana, na kila neno lao lilipita kwa mhandisi.

Alirudi kwenye kazi. Uzuri wa programu huria ni kwamba huhitaji kumwamini mtu, unasoma mwenyewe. Alitunga mgonjwa wa bandia, akajaza umri, wodi na dawa, lakini sehemu ya mzio, panapoandikwa dawa zinazomdhuru mgonjwa, akaiacha wazi, kama ambavyo muuguzi huiacha akiitwa kitanda kingine kabla ya kuuliza. Kisha akautuma ujumbe ule ule kwa programu zote mbili.

Mkaidi aliuzuia, akauweka kando, akaandika sababu: sehemu ya mzio haina kitu, sipeleki. Bwana Ndiyo aliupitisha. Mhandisi akafungua upande wa famasi aone kilichofika. Kilichofika kilisomeka: *Mzio: hakuna.*

Alisoma msimbo hadi akapafikia mahali penyewe. Kila kitafsiri cha Bwana Ndiyo, yaani kipande kinachogeuza lugha ya mfumo mmoja kuwa ya mwingine, kilipokuta pengo, kilitia jibu la kawaida. Aliyekiandika alikuwa mtu wa nia njema. Alikuwa ameacha maelezo kwamba amefanya hivyo ili mfumo wa pili usisumbuke.

Akamwita mfamasia. "Ukiona hivi, unatoa dawa?"

"Natoa. Si imeandikwa hana mzio?"

"Haikuandikwa. Hakuulizwa."

Mfamasia akaweka kikombe chini.

Mkuu wa kitengo, alipoelezwa, aliuliza swali la haki. "Tabia hiyo si inazimika?"

"Inazimika. Ila iko ndani ya kila kitafsiri, na atakayeongeza kipya baada yangu hatakumbuka kuizima. Mkaidi atatuchelewesha, lakini akituchelewesha anasema."

"Haya, andika hivyo."

Aliandika. Sentensi ya mwisho ilimtoka bila shida: *Anayekaa katikati hana ruhusa ya kujaza pengo wala kulainisha ujumbe ili upande wa pili usisumbuke.* Aliisoma tena, na mkono ukasita juu ya kibodi.

Hakuwa mtu wa kufananisha watu na mashine. Aliamini wanaofanya hivyo hawajui watu wala mashine. Lakini ukweli ni ukweli. Baba alisema, "Mwambie arudishe funguo pale alipozitoa." Kaka alifikishiwa: "Baba anasema upite siku moja." Kaka alisema akapime macho kwanza. Baba alifikishiwa: "Anakusalimu, anauliza hali." Miezi yote hiyo hapakutokea kosa hata moja, na hakuna aliyepokea kile mwenzake alichotuma.

Akalituma pendekezo kama lilivyo, akachukua mkoba wake.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika kwa baba yake. Mzee alikuwa sebuleni, gazeti likiwa karibu kumgusa pua.

"Kaka yako anasemaje?"

Jibu la kila siku lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Anasafiri Jumapili kikazi, miaka miwili. Anasema hakanyagi hapa mpaka ukapime macho. Usipopima, anaondoka bila kukuaga."

Gazeti likashuka. "Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hiyo ya macho kaianza leo?"

"Anaisema tangu siku ya lango, Baba."

"Na wewe ukaniletea salamu." Mzee alilikunja gazeti. "Na yangu ya funguo?"

"Nilimwambia unasema apite siku moja."

Mzee akaguna. "Yule mtoto ana mdomo kama msumeno tangu anaota meno. Nilipoona salamu juu ya salamu nikasema, basi, kanikatia tamaa. Hivyo mtu humsalimu jirani. Kumbe ni wewe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mhandisi alibonyeza namba ya kaka yake, akamwekea baba simu mkononi. "Mwambie mwenyewe."

Akaenda jikoni kuosha vikombe. Ukutani ilipenya sauti ya mzee: "Wewe mwizi wa funguo!" Kisha ikaja sauti nyembamba ya kaka kutoka kwenye simu, kali kama ya mzee. Lango likatajwa, wageni wakatajwa, hata marehemu mama akaitwa kuwa shahidi wa pande zote mbili. Mara mbili aliweka kikombe chini ili aende akatulize, na mara mbili akakichukua tena. Hakuna aliyekata simu.

"Binti!" mzee aliita hatimaye, kwa sauti iliyokauka. "Huyu mkorofi anasema atakuja kesho kunipeleka. Daktari wa macho anafungua saa ngapi Jumamosi?"

Nusura aseme saa tatu. Wengi hufungua saa tatu.

"Sijui, Baba," alisema. "Ngoja niulize."