Kiangazi Kilichobaki Uani

Tarehe sita Oktoba, saa moja asubuhi, Glafira alifungua geti la Idara ya Joto, akavua koti, akalitundika kwenye msumari na kwenda kusoma kipimajoto. Nje ya geti madimbwi yalikuwa yameshika barafu nyembamba. Ndani ya ua nyanya zilikuwa zinaiva na nyuki walikuwa kazini. Kipimajoto kilisema nyuzi ishirini na mbili. Glafira akaandika ishirini na mbili kwenye daftari, akafuta jasho, akaingia ofisini.

Kiangazi kiliingia katika ua ule mwezi wa Juni, kama kilivyoingia mji mzima. Mwezi wa Septemba kiliondoka mjini, lakini uani kikabaki. Hakuna aliyekiandikia barua ya kuondoka, na katika Idara hakuna kitu kinachoondoka bila barua.

Sheria ya mji ilikuwa fupi na kila mtoto aliijua. Tanuri kubwa huwashwa zikipita siku tano mfululizo chini ya nyuzi nane. Likishawashwa, maji ya moto hupita kwenye mabomba hadi kwenye rejeta za chuma chini ya madirisha ya kila nyumba, hata nyumba ya asiyetaka. Kabla ya hapo hapati mtu, hata anayelia. Na nyuzi zinazohesabika ni za kipimajoto kilichopigiliwa kwenye ukuta wa Idara, si kingine.

Glafira aliishi ghorofa ya tano na baba yake, mzee Yefim, aliyechochea makaa katika tanuri hilo miaka thelathini na moja. Tanuri lilimwachia kikohozi na magoti yasiyokunjika. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Asubuhi na jioni mzee aliweka kiganja juu ya rejeta, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

“Bado maiti,” alisema siku hiyo Glafira aliporudi kazini. “Huko kwenu leo ngapi?”

“Ishirini na mbili, baba.”

“Mnakula raha.” Akakohoa mpaka kofia ikamshukia puani. Alikuwa analala na kofia, koti na mabuti, paka juu ya kifua. “Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Haya. Kazi ni kazi.”

Katikati ya Oktoba watu wakaanza kuja uani. Wa kwanza alikuwa Mama Zoya, jirani yao wa ghorofa ya pili. Alikuja kuuliza habari za bomba lake linalovuja, akakaa juu ya ndoo, akasahau bomba. Kesho yake alikuja na kigoda na sufuria ya supu ya kabichi. Wiki haikuisha, mtaa mzima ulikuwa uani na watoto wachanga, domino na nyuzi za kufumia. Mkurugenzi, Arkadi Pavlovich, alitokeza dirishani amevaa shati la mikono mifupi, akasema wananchi wanakaribishwa, ila wasikanyage nyanya. Pumzi za watu sitini zikapandisha kipimajoto mpaka ishirini na nne.

Glafira alikuwa mtu asiyeweza kuomba chumvi kwa jirani. Ilimchukua siku mbili kupata la kusema, na alipolipata alilisema akitazama viatu vyake.

“Jamani, twendeni sote kwa mkurugenzi. Tumwombe kipimajoto kihamie nje ya geti.”

Domino ziliendelea kugongwa.

“Halafu?” Mama Zoya akauliza, akitema maganda ya alizeti. “Tukimsumbua si atafunga geti? Tutakaa wapi?”

“Nyumbani. Nyumbani kutakuwa na joto.”

“Kutakuwa! Hapa lipo. Wewe mwanangu una njaa ya kesho, sisi tunakula leo.”

“Baba hawezi kushuka ngazi, Mama Zoya.”

“Si tulimtumia watu wa kumbeba?”

Ni kweli walimtumia. Wanaume wawili walipanda na kiti hadi ghorofa ya tano, mzee akawafukuza kwa fimbo. “Mimi nimeupa mji huu joto miaka thelathini na moja,” aliwaambia. “Leo nikaliombe uani, nimekalishwa kando ya nyanya za Arkadi? Shukeni na kiti chenu.”

“Basi kinachomgandisha ni kiburi,” Mama Zoya alisema. “Sogea, mama, unanizibia jua.”

Glafira akaenda kwa mkurugenzi peke yake. Ukutani nyuma ya Arkadi Pavlovich kulikuwa na cheti alichopewa na mkoa kwa kubana matumizi ya makaa. Makaa yenyewe yalikuwa yamerundikwa nyuma ya jengo, kilima kizima, na kuku wa mlinzi walikuwa wanajimwagia vumbi lake.

“Binti, kipimajoto kimewahi kukudanganya?” mkurugenzi aliuliza.

“Hapana, Arkadi Pavlovich.”

“Mimi je, nimewahi kukwambia uandike uongo?”

“Hapana.”

“Sasa unataka nini? Sheria inasema ukuta wa Idara. Nje ya geti ni ukuta wa duka la mikate.” Akamtazama kwa huruma. “Mimi kwangu nina jiko la kuni. Mwambie mzee naye aweke.”

“Ghorofani hakuna bomba la moshi.”

“Hayo ndiyo matatizo ya ghorofa,” alisema, na ilionekana yamemuuma kweli.

Asubuhi iliyofuata Glafira aliandika saba kwenye daftari. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuandika uongo, na saba yake ikafanana na ndoano. Arkadi Pavlovich alishuka, akavaa miwani, akasoma kipimajoto, akasoma daftari, akampa kifutio.

Tarehe mbili Novemba mzee Yefim aliweka kiganja juu ya rejeta na hakukiondoa tena. Daktari aliandika kwamba ni mapafu. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika nyuzi. Siku ya maziko ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba wachimbaji waliwasha moto juu yake kwanza, na Mama Zoya alisema angalau leo mzee amewashiwa. Alisema hivyo huku analia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Asubuhi iliyofuata Glafira alifungua geti, akatundika koti, akamkuta baba yake amekaa kwenye benchi chini ya kipimajoto. Amevaa suti aliyozikwa nayo, kofia magotini.

“Umefikaje, baba?”

“Kwa miguu. Magoti yamepona.”

Majani chini ya benchi yalikuwa meupe kwa barafu. Nyanya za karibu zilikuwa zimepasuka, nyuki wamehama. Marehemu wana baridi yao, na mzee Yefim alikuwa amekuja na yake yote. Kipimajoto kilisema sita. Glafira akaandika sita, akarudi getini kuchukua koti.

Saa mbili watu wakaja na vigoda vyao.

“Ehe, mzee Yefim!” Mama Zoya aliita, akifunga kitambaa kichwani. “Tulikuita uko hai ukaturushia fimbo. Sasa umekuja kutuharibia kiangazi?”

“Nimekuja kukaa. Ua si wa wananchi?”

“Wananchi walio hai, mzee.”

“Imeandikwa wapi?”

Hakuna aliyejua imeandikwa wapi. Wakasogeza vigoda mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Arkadi Pavlovich akashuka mwenyewe, amevaa koti uani kwa mara ya kwanza tangu Mei.

“Mzee wangu, upande ule wa uzio kuna jua zuri.”

“Hapa pananitosha, Arkadi. Baridi nimeizoea. Umenizoesha wewe.”

Mkurugenzi alimshika bega ili amwinue, akaondoa mkono haraka, na siku nzima aliupasha kwenye glasi ya chai ya moto.

Siku ya pili kipimajoto kilisema tano, ya tatu saba, ya nne sita. Watu waliondoka mmoja mmoja na sufuria zao, wakilalamika kwamba mzee hakuwa hivi zamani. Siku ya tano kilisema sita.

“Ni ya ngapi?” mzee Yefim akauliza.

“Ya tano, baba.”

“Kampelekee.”

Arkadi Pavlovich alisoma daftari mara tatu, akitafuta mahali pa kukataa, asipaone. Akasaini. Saa kumi jioni mabomba ya mji mzima yalianza kugonga na kukoroma. Glafira aliweka kiganja juu ya rejeta. Ilikuwa ya moto. Soksi za baba yake zilizokuwa zimeanikwa juu yake zikakauka kwa nusu saa, na paka akapanda kulala juu ya soksi.

Asubuhi alimwambia baba yake apande nyumbani, kuna joto.

“Nikipanda nitakugandishia chumba,” mzee alisema. “Na lifti bado mbovu?”

“Bado.”

“Basi we lala.” Akavaa kofia, akaondoka kwa njia ya makaburini.

Idara iliandika kwenye ripoti yake kwamba msimu wa joto ulianza kwa mujibu wa sheria. Arkadi Pavlovich alipata cheti cha pili, kwa sababu mwezi mmoja na zaidi ulipita bila makaa. Mwezi wa Aprili likaja tangazo la chuma lililochapishwa vizuri: Ni marufuku kwa marehemu kukaa ndani ya mita kumi kutoka kwenye kipimajoto. Glafira alipewa nyundo alipigilie. Alipima mita kumi kwa futi kamba, akachora mstari wa chokaa, kwa sababu kazi ni kazi.

Mwaka uliofuata, tarehe tisa Novemba, saa moja asubuhi, alifungua geti, akavua koti na kulitundika. Nje watu walikuwa wanapasua barafu kwenye ndoo. Ndani kiangazi kilikuwa kimebaki tena, na nyanya zilikuwa zimekubali mwaka huu. Chini ya kipimajoto walikaa watu wa mtaa na vigoda vipya. Ng'ambo ya mstari wa chokaa, kando ya uzio, walikaa marehemu saba, kila mmoja akimchunga mwenzake asivuke. Baba yake alikuwa wa kwanza. Pembeni yake alikaa Mama Zoya, aliyevunjika nyonga Septemba akashindwa kushuka ngazi, na aliyezikwa juzi.

“Leo ngapi, mama?” Mama Zoya akauliza kwa sauti.

Glafira alitazama kipimajoto. “Ishirini na mbili.”

“Na sisi huku tuko saba!”

“Wachache,” mzee Yefim alisema. Alifumba jicho moja, akapima umbali kama alivyozoea kupima koleo la makaa na mlango wa tanuri. “Kutoka hapa mpaka pale, tupunguze nyuzi kumi na tano… itabidi tufike watu arobaini.”

Glafira akaandika ishirini na mbili, akafuta jasho. Mama Zoya aliwatazama wale waliokaa kando ya nyanya, mmoja baada ya mwingine, kisha akasogeza kigoda chake karibu na uzio, kuacha nafasi.